Leseni ya Msimbo Haifuniki Data

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika. Mada niliyopewa ni leseni za programu huria, lakini muda mwingi nitautumia kwenye faili moja ya XML, yaani faili ya maandishi yenye data iliyopangwa.

Machi 2021, miradi mingi iliyojengwa kwa Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti, iligoma kusakinishwa. Chanzo kilikuwa maktaba ndogo ya msimbo iitwayo mimemagic, ambayo kazi yake ni kutambua kama faili ni picha, sauti au hati. Ilitolewa kwa leseni ya MIT, ambayo hukuruhusu karibu kila kitu mradi ubakize tangazo la hakimiliki. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na ile faili ya XML: orodha ya aina za faili iliyotoka mradi mwingine, shared-mime-info, wenye leseni ya GPL toleo la 2. GPL humtaka anayesambaza kazi iliyotokana nayo aitoe kwa masharti yaleyale. Mtunzaji wa mimemagic alipoelezwa, alibadili leseni na kuondoa matoleo ya zamani. Rails iliitegemea kupitia maktaba nyingine, Marcel, kwa hiyo wengi walioathirika hawakuwa wamewahi hata kulisikia jina lake. Marcel ikaachana nayo na kuchukua data ya mradi mwingine, Apache Tika, yenye leseni ya Apache, isiyo na sharti hilo la GPL.

Najua mtakaloniambia: orodha ni orodha tu, nani anaimiliki? Inategemea uko wapi. Marekani, katika kesi ya Feist ya 1991, Mahakama ya Juu iliamua kwamba majina na namba za simu zilizopangwa kialfabeti hazina hakimiliki, kwa kuwa hazina ubunifu. Umoja wa Ulaya ukaja na mwongozo wa 1996 unaompa aliyewekeza kwa kiasi kikubwa katika kukusanya hifadhidata haki ya miaka 15, ubunifu uwepo usiwepo. Programu yenu itapakuliwa pande zote mbili.

Ndiyo maana OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji, mwaka 2012 iliacha leseni ya Creative Commons, shirika linaloandika leseni za kazi kama maandishi na picha, na kuhamia ODbL, iliyoandikwa mahsusi kwa hifadhidata. Kuhama huko hakukuwa rahisi: wachangiaji waliulizwa, na michango ya waliokataa ikafutwa kwenye ramani. Afadhali kuchagua vizuri mapema.

Kwa data yenu wenyewe, mimi napendelea CC0, tamko la Creative Commons la kuachia haki zako zote. Kwa msimbo, Creative Commons wenyewe wanashauri leseni zao za kawaida zisitumike. Na data inayokataza matumizi ya kibiashara msiiweke ndani ya programu mnayoiita huria, mtampotosha anayeipakua. (Hapa huwa napata wapinzani, karibuni baadaye.)

Kila folda ya data iwe na faili yake ya leseni, ikitaja ilikotoka na toleo lake. Vitambulisho vya SPDX, yaani majina mafupi sanifu ya leseni, husaidia mashine kuyasoma hayo.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu data isiyo na leseni yoyote. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki haihitaji kusajiliwa wala kutangazwa, kwa hiyo usichukulie kuwa umeruhusiwa. Mwandikie mwenyewe; akikubali, hifadhi jibu lake ndani ya mradi. Asipojibu, tafuta data nyingine. Kuandika skripti ili mtumiaji aipakue mwenyewe kunakuepusha wewe kuisambaza, lakini yeye unamwachia swali lilelile.