Klachi Moja au Mbili: Mhadhara Juu ya Gia za Porsche 911 GT3

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na habari za jioni kwa vijana mlioziba mlango pale nyuma. Karibuni ndani, sakafu ipo.

Niliombwa nizungumzie gia za magari ya michezo: ile ya mkono na ile ya klachi mbili. Klachi, kwa asiyejua, ndiyo inayounganisha injini na gia au kuzitenganisha. Ningeweza kuwatajia magari ishirini na mkatoka hapa mmechoka. Nimechagua moja, Porsche 911 GT3, kwa sababu ugomvi wote tunaousikia vijiweni umeshapiganwa ndani ya gari hilo, na waliolitengeneza walibadili msimamo mbele ya macho yetu.

Tuanze kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, mwaka 2013. GT3 ilikuwepo tangu 1999, na miaka yote hiyo iliuzwa na gia ya mkono tu. Mwaka ule ikaja mpya: nguvu za farasi 475, injini inayozunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Watu wakachungulia ndani, wakakuta pedeli mbili, ya klachi haipo. Hata ungekuwa na fedha za kuagiza ya tatu, hakuna aliyekuuzia. Gari lilikuwa na PDK pekee, yaani klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, na vibao viwili vidogo nyuma ya usukani vya kupandisha na kushusha gia. Porsche walisema gari la kiwanja cha mbio ni la kwenda mbio, na hii ndiyo gia yenye mbio. Kwa hilo walisema kweli kabisa.

Niwaeleze kwa nini. Ukibadili gia kwa mkono, unaachia mafuta, unakanyaga klachi, unavuta mkono wa gia, pete za shaba mle ndani zinasawazisha mizunguko, kisha unaachia klachi na kukanyaga mafuta tena. Dereva hodari hufanya yote hayo ndani ya nusu sekunde au pungufu. Lakini katika muda huo matairi hayapokei kitu. Injini inanguruma, gari linateleza kwa nguvu ya jana.

Sasa wakumbukeni mama zetu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukiwa kinuni, wa mwenzake uko juu, umeshainuliwa, unasubiri zamu. Kinu hakipumziki. Klachi pacha ni hivyo hivyo. Kuna shafti mbili, moja ina uwazi katikati na nyingine inapita ndani yake. Klachi ya kwanza inashika gia ya 1, 3, 5 na 7. Ya pili inashika 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshaingizwa kwenye shafti yake na inazunguka. Kubadili gia ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika. Nguvu haikatiki.

Mzee ameuliza kama hiyo si otomatiki tu. Hapana, mzee wangu. Otomatiki tuliyoizoea inapitisha nguvu kwenye oili kwanza, kati ya injini na gia. Hii mle ndani ina gia zinazofanana sana na za mkono, chuma kwa chuma. Tofauti ni nani anayezibadili.

Tofauti hiyo imepimwa. Chukueni GT3 ya mwaka 2021, farasi 510. Yenye PDK inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, ya gia ya mkono, 3.9. Gari ni moja, injini ni moja. Na ya mkono ni nyepesi zaidi, kilo 1,418 dhidi ya 1,435. Kasi yake ya juu kabisa hata inazidi kidogo, 320 kwa 318. Pamoja na wepesi wote huo bado inaachwa nusu sekunde nzima. Kwa hiyo kijana anayeniambia kwamba yeye na mkono wake ana haraka kuliko PDK, namwomba kwa upendo aache.

Wazo hili lenyewe ni la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse, ambaye kabla ya mapinduzi alihudumia magari ya mfalme wa Urusi, alilibuni mwaka 1939. Halikwenda mbali, maana hakukuwa na kompyuta ya kuamua klachi ipi iachie na lini. Porsche walilifufua miaka ya 1980 kwenye magari yao ya mashindano, 956 na 962. Lilikuwa zito na lenye matatizo, lakini mwaka 1986 pale Monza, Hans-Joachim Stuck na Derek Bell walishinda nalo. Ikachukua mpaka 2003 ndipo mtu wa kawaida aweze kununua gari la barabarani lenye klachi mbili, nalo lilikuwa Volkswagen Golf R32. Baadhi yenu mnazo Golf zenye jamaa wa gia hiyo, na mafundi hapa ndani mnazijua vizuri.

Hapo nimewapa hoja za saa, yaani nani ana mbio. Sasa niseme lililonileta.

Nilipokuwa nafanya kazi Ujerumani nilikwenda kiwanja cha mbio cha Nürburgring, kwenye ule mzunguko wa zamani wa milimani, kilomita 20.8 na zaidi ya kona 70. Siku unapofunguliwa kwa umma, mtu yeyote anaweza kulipa na kuingia na gari lake. Kuna kona inaitwa Aremberg. Unaifikia kutoka Schwedenkreuz, sehemu ya kasi kali sana, halafu ghafla barabara inakatiza kulia. Lazima ufunge breki kwa nguvu, na huku unafunga breki ushushe gia.

Hapo mguu wa kulia una kazi mbili. Vidole viko kwenye breki, havitoki. Ubavu wa mguu unagonga mafuta kidogo, injini ipande mizunguko, ndipo uachie klachi kwenye gia ya chini. Usipogonga, klachi inapoachiwa injini inayavuta matairi ya nyuma ghafla kama mtu aliyekanyaga breki ya nyuma peke yake. Na kumbukeni 911 imebeba injini yake nyuma kabisa ya matairi ya nyuma. Mkia wake una uzito.

Siku ya kwanza nilikuwa na gari dogo la kukodi la gia ya mkono. Nilifunga breki nimechelewa. Nikataka kutoka ya tano kwenda ya tatu, muda ukaniishia, nikaachia klachi bila kugonga mafuta. Mkia ukarukia kushoto. Nililidaka, lakini jasho lilinitoka mpaka viganjani. Niliporudi maegeshoni nilijua kosa langu lilikuwa wapi kwa kipimo cha mita: nilipita mahali pa breki.

Wiki mbili baadaye rafiki aliniazima 911 yake yenye PDK, akakaa pembeni yangu. Kona ile ile. Gari likashuka gia zenyewe moja moja, kila moja ikigongewa mafuta na kompyuta kwa usahihi ambao mguu wangu hautaufikia maisha yangu yote. Tulitoka salama, nikatabasamu. Rafiki yangu akaniambia: umechelewa breki tena. Nilikuwa nimechelewa kweli. Gari lilikuwa limenisitiri.

Ndiyo hoja yangu jioni hii. Watu huitetea gia ya mkono kwa habari ya hisia, moyo, mahaba. Mimi naipenda pia, sikatai. Lakini sababu yake kubwa kiwanjani ni kwamba inakuonyesha kona yako ilipovunjika. Breki ikichelewa, huna muda wa gia. Mguu ukivurugika, mkia unakwambia hapo hapo, mbele ya abiria. Klachi pacha inatenda kwa uzuri hata pale ulipokosea, na dereva mchanga anaweza kwenda mwaka mzima akidhani uzuri ule ni wake.

Kuna na hatari yake, lazima niiseme. Mkono ukiteleza ukaingiza ya pili ulipotaka ya nne, matairi yanaizungusha injini kupita uwezo wake, na injini ya namna hii ikivunjika hutapenda kusikia bei. PDK ukiiomba upuuzi huo inakataa. Kwa mtu anayeshindana, kukataa huko pekee kunatosha kuichagua. Ila wanaoshindana kwa GT3 hata hawatumii PDK. GT3 za mashindano zina giaboksi ya mfuatano, inayopanda na kushuka gia moja moja bila kuruka, ya gia sita, yenye vibao kwenye usukani. Hakuna aliyebaki na mkono wa gia tunaougombania.

Turudi kwa Porsche, kule Weissach wanakoyabuni magari haya. Wateja walilalamika baada ya 2013, wakalalamika kwa sauti. Mwaka 2016 Porsche wakatoa 911 R, magari 991 tu, gia sita za mkono na hakuna nyingine. Yaliisha upesi, na waliotaka kuyauza tena waliyauza kwa bei iliyozidi mbali ile ya dukani. Mwaka 2017 GT3 ikarudishiwa pedeli ya tatu, achague mteja mwenyewe. Mwaka 2023 ikaja 911 S/T ya mkono tu, kilo 1,380. Lakini GT3 RS, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya saa kuliko zote, mpaka leo ni PDK pekee. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa haki.

Halafu mwaka 2025 Jörg Bergmeister akaingia Nürburgring na GT3 mpya ya gia ya mkono, akamaliza kilomita zile 20.8 kwa dakika 6 na sekunde 56.294. GT3 iliyotangulia, yenye PDK, ilitumia 6:59.927. Mlishangilia nilipolitaja hili wakati wa chai, lakini tusijidanganye. Gari lilikuwa limeboreshwa umbo linalokata upepo, limepewa uwiano mfupi wa gia, na limebeba dereva wa kiwanda wa miaka mingi. Mpe gari hilo hilo lenye PDK, atapunguza tena. Kinachonigusa mimi ni kwamba mtu amepiga kona zaidi ya 70 kwa kasi ile, na kila gia iliyoshuka aliishusha mwenyewe, Aremberg ikiwemo.

Dada pale ameinua mkono muda mrefu. Anauliza: akipata nafasi ya kujifunza kiwanjani, aanze na lipi?

Anza na la mkono, dada yangu, na lisiwe la bei. Kabla ya kuingia, kaa ndani gari likiwa limezimwa, ufanye mazoezi ya mguu: vidole kwenye breki, ubavu kwenye mafuta, mara hamsini, mpaka breki isitikisike. Ukishaweza hilo kwa mwendo, kaa kwenye la klachi pacha, uitoe kwenye hali ya kujibadilia gia yenyewe, ubonyeze vibao mwenyewe. Na kila unapofunga breki taja kwa sauti gia unayoitaka kabla hujaibonyeza. Ukijikuta unaitaja gari likiwa limeshaanza kukata kona, ulichelewa breki. Rudi uanze mapema mita kumi.