Tumkwangue mbega: skrachibodi ya kujitengenezea, kutoka Mbeya

Habari zenu wapendwa, karibuni tena hapa Mbeya. Leo tunamchora mbega kwa skrachibodi, ile bodi nyeusi unayoikwangua kwa kitu chenye ncha mpaka weupe wa chini utokeze. Nimemchagua mbega makusudi kabisa maana huyu mnyama kaumbwa kwa ajili ya hii kazi, mwili mweusi tii, afu manyoya meupe marefu mabegani, mashavuni na kwenye ncha ya mkia, hata rangi huhitaji. Ila kabla hujashika wembe weka hili kichwani: umezoea penseli, umezoea kutafuta kivuli kiko wapi ukijaze, sasa hapa kivuli kimeshajaa bodi nzima, wewe unatafuta mwanga unagusa wapi, basi, hapo tu ndio unakwangua.

Tuanze na bodi. Za dukani zina tabaka la kaolini, ule udongo mweupe laini, na juu yake wino mweusi, watu wa Uingereza na Ufaransa walianza kuzitumia karne ya 19 kwa michoro ya vitabu na magazeti kwa sababu mistari yake inatoka safi kwenye uchapaji. Kwetu kuzipata ni shughuli, kwa hiyo tunatengeneza. Nenda kwa fundi seremala yeyote umwombe kipande cha hadibodi kinachobaki, saizi ya daftari kubwa inatosha. Kipige msasa kidogo upande laini ili kishike. Kaolini Tanzania ipo, Pugu kule Kisarawe ipo ya kutosha, ila kama huna wa kukuletea saga chaki nyeupe iwe unga kabisa, ichekeche kwa kitambaa chepesi, changanya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto.

Paka tabaka jembamba, acha likauke, paka lingine kwa kukatisha mwelekeo uliopaka la kwanza, hivyo hivyo mpaka yafike manne au matano. Usiharakishe jamani! Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni ile mnayoijua, tabaka moja linaweza kulala usiku mzima, na mtu akiona hivyo anakimbilia kuiweka pembeni ya jiko la mkaa, usifanye hivyo, itapasuka nyufa nyufa. Ikikauka vizuri ipige msasa namba 400 hadi iteleze, na vaa barakoa maana ule unga ukiuvuta sio mzuri kwa kifua. Malizia na wino mweusi usiotoka kwa maji, brashi laini, mara mbili au tatu, mwembamba. Ukiwa mnene unabanduka magamba wakati wa kukwangua.

Sasa twende msituni, na hapa naomba msiruke. Picha ya simu inamharibu mbega, ule weusi wote unakuwa doa moja na weupe unaungua, huoni nywele. Mbega wapo msitu wa Mlima Rungwe, ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unachukua kibali na unaenda na mtu anayeujua msitu. Nenda asubuhi wakati jua liko chini linapiga kwa ubavu, beba darubini na daftari. Mbega anakula majani na sehemu kubwa ya siku anakaa tu juu ya mti anapumzika, kwa hiyo muda wa kumchora unao, tulia. Angalia manyoya ya begani yanaanzia wapi na yanaangukia wapi, weka mishale kwenye daftari, mishale tu, hiyo ndio ramani yako ukirudi nyumbani. Na angalia mkono! Mbega hana kidole gumba, kimebaki kijinundu tu, anashika tawi kwa vidole vinne, mkimchora kama tumbili wa kawaida watu wa Rungwe watawaambia huyo sio mbega. Ukibahatika ukamkuta mama na mtoto mchanga, mtoto ni mweupe mwili mzima, kazi tamu sana hiyo kwenye bodi nyeusi. Zamani walikuwa wanamuua kwa ajili ya hii hii ngozi nzuri, mi hilo linaniuma, nataka huo uzuri tuuone ukutani kwa njia hii na mwenyewe abaki juu ya mti wake.

Tuhamishe mchoro. Paka chaki nyuma ya karatasi yako, iweke juu ya bodi, pitia mistari mikubwa na peni, utaona alama hafifu. Weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote, jasho linaharibu wino.

Anza na jicho, nukta moja ya mwanga, usiongeze. Kisha mashavu, kisha mabega. Tumia ncha ya wembe wa kukatia karatasi, au sindano nene uliyoichomeka kwenye kijiti, mkono mwepesi, unatoa wino tu huchimbi mpaka hadibodi. Kila unywele uanzie kwenye ngozi uishie nje, na unapofika mwisho nyanyua mkono taratibu ili ncha yake ipotee yenyewe. Usizipange sambamba, nywele hazikai hivyo, zinapishana, zingine zinaruka. Mwili mweusi uache mweusi, ukingo tu wa mgongo unaopigwa na jua uupe mikwaruzo michache, najua mkono utawasha kuongeza ila jizuie. Unga usiupulize kwa mdomo, mate yatadondoka, ufagie kwa brashi kavu.

Afu kuna hatua ambayo wengi hawaijui na ndio inayompa mnyama mwili. Chukua tone la wino, lipoze kwa maji kama matone kumi, pitisha juu ya mabega yote uliyokwangua. Weupe wote unakuwa kijivu. Ukikauka kwangua tena, safari hii nywele za juu tu zile zinazopigwa na jua moja kwa moja, na ghafla utaona kuna nywele za chini na za juu. Rudia ukipenda.

Ule ukungu wa Rungwe nyuma yake tunautoa kwa stilwaya ya kuoshea masufuria, sugua kidogo sana kwa mzunguko, zidisha karibu na kichwa ili weusi wake utokeze.

Palipozidi weupe paka wino, subiri, kwangua upya. Ukishamaliza kwangua jina lako kona ya chini, puliza vanishi isiyong'aa ukiwa nje, mara mbili nyepesi. Nitumieni kazi zenu nizione, na inayofuata tunamchora kipunji, yule nyani wa msituni wanasayansi waliyemtambua mwaka 2003 wakati wenyeji wa Rungwe walishamjua, kwa hiyo andaeni bodi nyingine mapema ikauke. Ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa.