Nani amemwagiwa fedha?

Ahsanteni, wanafunzi wa uandishi wa habari. Nimekaa meza ya habari miaka mingi, kwa hiyo nadharia nawaachia walimu wenu. Mimi naanza na kitenzi kimoja cha vichwa vya habari: "yamwaga".

Hakuna mwandishi Tanzania asiyekijua. "Serikali yamwaga mabilioni kwa kaya maskini." Ni kifupi, kina mvuto, kinaenea safu tatu bila taabu. Nimekitumia mwenyewe bila kujiuliza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na msomaji kabla hajafika aya ya kwanza ameshaambiwa kwamba fedha hizo ndiyo basi tena.

Sasa nendeni kijijini siku ya malipo ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ndani ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kuna ajira za muda: watu wanachimba lambo, wanapanda miti, wanalima barabara ya kijiji, ndipo wanalipwa. Mama ameshika jembe mpaka viganja vimeota sugu. Huo ni ujira. Habari yetu itasema "mnufaika apokea", na picha itamwonyesha anahesabu noti. Lambo halimo.

Fungueni ukurasa wa uchumi. Kampuni imesamehewa kodi ya mitambo. Hapo tunaandika "kivutio cha uwekezaji". Huyu hatumwiti mnufaika hata siku moja. Ni mwekezaji, kavaa kofia ngumu, ana mkasi wa kukata utepe. Iwe shilingi imetoka hazina au haikuingia kabisa, pengo ni lile lile. Sisemi kila msamaha wa kodi ni mbaya. (Na hilo neno "msamaha", mpaka leo sijui kosa lilikuwa lipi.)

Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilikuja na jina lake mkononi: tozo ya mshikamano. Wengine wakaongeza, ya uzalendo. Ilianzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, kutuma na kutoa. Wengi wetu tukalinakili jina kama tulivyopewa. Haya niambieni, ukishaiita ya uzalendo, anayelalamika umemwitaje? Mtaani hawakuhangaika na jina hilo. Ukienda kwa wakala unasikia neno moja tu, "makato", basi. Septemba viwango vikashushwa kwa asilimia 30, na sisi mbio: "serikali sikivu". Mkataji akapewa shukrani kwa kupunguza alichokata.

Turudi kwa mama wa lambo. Akitoka kuchukua ujira wake anapita dukani, ananunua kipande cha sabuni. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, imo ndani ya bei tangu kiwandani. Nimeandika maelezo ya picha maelfu kwa maelfu. Sikumbuki hata moja niliyoiandikia: mlipakodi akinunua sabuni.