Jengeni Nyumba Huko Huko

(Mhadhara kwa wanaokaribia kustaafu na wenzi wao)

Bwana Yesu asifiwe, wazee wangu, mama zangu, na ninyi wote mnaoisubiri barua ya kustaafu. Asubuhi mmefundishwa kikokotoo cha pensheni, na yule ndugu wa kuku wa mayai amewapa hesabu zake. Mimi nimepewa mada ya imani. Mhubiri sura ya tatu sitaigusa, maana mmeisikia kwenye kila harusi na kila msiba. Tufungue Yeremia 29. Wanaonifahamu walijua nitawapeleka huko, na nitaendelea kuwapeleka mpaka tuisome sura hiyo kama ilivyoandikwa.

Mstari wa 11 mnao vichwani. Uko kwenye kalenda za ukutani, kwenye kadi za mahafali, kwenye kioo cha nyuma cha daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni neno la kweli, naliamini kwa moyo wangu wote. Lakini nani kati yenu ana kalenda yenye mstari wa 10? Hakuna. Mstari wa 10 unasema miaka sabini. Miaka 70, ndugu zangu! Mtu mzima aliyepokea ile barua akiwa Babeli alielewa mara moja kwamba yeye atazikwa huko huko. Na ni huyo huyo aliyeambiwa Mungu anamwazia amani.

Sasa tazameni walioandikiwa ni akina nani. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka mfalme Yekonia wa Yuda, mama yake na wakuu, na mstari wa 2 unaongeza mafundi na wafua chuma. Hao wa mwisho msiwapite haraka. Hawa ni watu wa kazi. Fundi aliyekuwa akisalimiwa kwa jina lake kila kona ya Yerusalemu, leo yuko nchi ya watu, karakana hana, wateja hana, na hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwa mtu. Wangapi hapa mnaogopa Jumatatu ile ya kwanza? Umeamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, umeoga, halafu unakumbuka huna pa kwenda.

Kwa watu hao Yeremia aliandika barua, ikapelekwa na Elasa na Gemaria. Mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Kisha oeni, ozesheni, mzae, wala msipungue. Kisha uombeeni amani mji ule. Mji gani? Babeli, uliowachukua mateka! Shemaya Mnehelami, aliyejifanya nabii huko kwa mateka, alikasirika mno, akaandika Yerusalemu akidai Yeremia atiwe kwenye mkatale, yaani pingu za mti. Kwake, kumwambia mtu ajenge ugenini ilikuwa kumnyang'anya tumaini.

Na hapa ndipo ninapogombana na wahubiri wenzangu kila Desemba. Sura iliyotangulia, ya 28, yuko nabii mwingine, Hanania wa Gibeoni. Yeremia amevaa nira ya mti shingoni, ishara ya kuutumikia utawala wa Babeli. Hanania anaichukua, anaivunja mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, na mateka wote wa Yuda. Fikirini shangwe ya siku ile. Sisi tungepiga vigelegele na kutoa sadaka ya shukrani. Mwaka ule ule Hanania akafa, na nira ikabaki. Bado sisi kila mkesha wa mwaka mpya tunasimama madhabahuni na kutangaza mwaka wa kuvuka, mwaka wa upenyo, mwaka wa kurudishiwa vyote. Mtu anatoka pale saa sita usiku akiwa na tarehe mkononi. Ikifika Juni hakuna kilichorudi, hafikirii kwamba mhubiri alisema lisilosemwa. Anafikiri imani yake mwenyewe ni mbovu. Hilo linaniuma sana.

Najua mtu ameshanijibu kimoyomoyo: "Kwa hiyo tusiombe muujiza?" Ombeni. Mimi ninaomba, na wapo hapa walioponywa nikishuhudia. Ninachosema ni kwamba mtu wa imani hupanda mchicha wakati anaomba. Hanania alimfundisha mtu kukaa juu ya begi lililofungwa. Yeremia alimfundisha kulifungua, na kuamini kwamba Bwana anafika hata hapo.

Niwaeleze juu ya mzee mmoja, mhasibu. Simtaji wala mji wake. Alistaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na wakubwa wake wakamwambia, "Baba, usiende mbali, tutakuongezea mkataba." Mnaijua hiyo ahadi. Kiwanja alikuwa nacho, kiinua mgongo kiliingia, mama akasema tupande kitu. Akajibu, "Bado, hiki ni kipindi tu." Nilipomtembelea saa nne asubuhi nilimkuta sebuleni, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni, simu juu ya meza imegeuzwa uso juu ili asikose kuona ikiita. Nje majani yalikuwa yamefika kiunoni.

Kilichonipeleka kwake kilikuwa kingine: alikuwa ameacha kuja ibadani. Mzee wa kanisa, mtu aliyehesabu sadaka zetu kwa miaka mingi! Nikadhani amegombana na mtu. Alizunguka weee, mwisho akasema: bahasha ya sadaka. Ahadi yake alikuwa ameiandika akiwa kazini. Pensheni haikutosha kuijaza, na orodha ya waliotimiza ilikuwa imebandikwa ubaoni pale mlangoni, kila mtu anasoma akiingia. Akaona heri asionekane kuliko namba yake ionekane tupu. Niwaulize wazee wa kanisa mliokaa mbele hapa: mtu anavuka wakati mgumu kuliko wote maishani mwake, na kinachomzuia mlangoni kwa Bwana ni karatasi yetu ya chati? Orodha ile iondolewe. Nimelisema hili kwenye vikao, nalirudia hadharani.

Siku ile tulisoma mstari wa 5 pale sebuleni. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na upawa mkononi, ndiye aliyehubiri. Alisema, "Baba, nyumba Mungu ametupa. Bustani je?" Sikuwa na la kuongeza. Mkataba haukuja mpaka leo. Mipapai ipo, na mzee anawafundisha vijana wa jumuiya yao kuandika vitabu vya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Siwaambii kwamba huzuni ilimwisha. Kuna asubuhi bado anavaa lile shati. Lakini ibadani anakuja.

Wengine husema kujenga Babeli ni kuzoea Babeli, mtu atapotea humo. Mtazameni Danieli. Alipelekwa kijana. Akabadilishiwa jina akaitwa Belteshaza, akabadilishiwa lugha, akabadilishiwa wafalme: Nebukadneza, Belshaza, Dario, Koreshi. Akafanya kazi ya ofisi kwa uaminifu hata maadui walipotafuta kosa kwenye kazi yake hawakuliona. Kitu kimoja hakikubadilishwa: dirisha lake lilielekea Yerusalemu, na mara tatu kwa siku alipiga magoti, "kama alivyokuwa akifanya tangu hapo." Na sura ya 9, akiwa mzee sasa, tunamkuta anasoma nini? Anasoma Yeremia, anahesabu ile miaka 70. Barua ile ile! Yeye mwenyewe hatuambiwi kwamba alirudi. Aliwaombea watakaorudi.

Kwa hiyo mkiniuliza cha kufanya wiki ya kwanza baada ya kuagwa, jibu langu ni la Danieli: saa ya kusali isihame. Ofisi itahama, mshahara utahama, watoto watahama. Kama ulikuwa unasali saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya kuwahi basi, endelea kusali saa kumi na moja hata basi likiwa halikuhusu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Hesabu 8 mkaisome nyumbani, mistari ya 24 hadi 26. Mlawi, mtumishi wa hema la Bwana, alianza kazi akiwa na miaka 25, na akifika 50 aliachishwa ile kazi nzito. Hakufukuzwa hemani. Alibaki na ndugu zake akiwasaidia kulinda. Wachungaji vijana, mkiwaona wastaafu wenu wamekaa kiti cha nyuma tu, kumbukeni hayo. Na ninyi wastaafu, msing'ang'anie kubeba nguzo za hema. Waachieni.

Wajane nilitaka niwape nusu saa na sasa sina. Neno moja: Naomi, aliyefiwa na mume, alirudi Bethlehemu akasema msiniite Naomi, niiteni Mara, yaani uchungu, na katika kitabu kizima cha Ruthu hakuna aliyemkemea kwa kusema hivyo. Msikubali mtu awakemee msibani kwamba machozi ni upungufu wa imani.

Na mana, chakula ambacho Mungu aliwalisha Waisraeli jangwani. Yoshua 5, mstari wa 12. Miaka 40 imeanguka kila asubuhi isipokuwa Sabato, na siku waliyokula mazao ya Kanaani, kesho yake ikakoma. Nadhani wako waliotoka na vikapu siku ile wakarudi navyo vitupu, wakaogopa. Lakini shamba lilikuwa la Mungu yule yule. Mshahara wenu utakoma tarehe inayojulikana. Zaburi 71 inawapa maneno ya kusema siku hiyo: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Isomeni pamoja, mume na mke, kabla hamjazungumzia kuku.

Maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja bahasha.