Broila sio mroho, breki ndo zimelegea

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Leo tunaongelea hamu ya kula ya kuku wa nyama, maana kila mtu anasema broila mroho, anakula tu, mi nakataa.

Watafiti wa Kanada walifuga pamoja mbegu ya kuku ya 1957 na ya 2005, chakula kilekile, wakawapima siku ya 56. Wa zamani gramu 905, wa 2005 gramu 4,202. Sasa ukichagua miaka yote hiyo kuku anayekua haraka si unachagua anayekula sana, yaani pole pole umemchagua yule asiyesikia shibe.

Kwenye ubongo kuna kisehemu kidogo, haipothalamasi, kuna seli zinazosukuma kula na zingine zinazozuia. Chakula kikifika utumboni inatoka homoni ya kolesistokinini kwenda kusema inatosha, ila kwenye mbegu zinazokua haraka vipokezi vyake, yaani vile vya kwenye seli vinavyoipokea, vimepungua, ujumbe unatumwa lakini unasikika kwa mbali. Halafu kuna homoni nyingine, ghrelini, hii huwa inanichekesha, binadamu na panya inawatia njaa, ila ukiidunga kwenye ubongo wa kuku anaacha kula! Kwa hiyo ya panya muyaache kwa panya.

Sasa broila anasimama wapi? Mara nyingi nafasi ya tumbo ikiisha. Kama taa zinazimwa saa ileile kila siku, ingieni bandani muda mfupi kabla, mtaona wanavyobanana kwenye vyombo, mshike mmoja upapase kile kifuko cha chini ya shingo, kimejaa kweli kweli, anajiwekea akiba ya giza.

Joto nalo linamkatisha hamu, kumeng'enya chakula kunazalisha joto na kuku hatoi jasho, anahema tu mdomo wazi. Na maji! Anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, kwa hiyo chakula kikianza kubaki kagua maji kwanza kabla hujamlaumu muuza chakula.

Ambao huwa hatuwasemi ni wazazi wa hawa broila. Wale wanapimiwa chakula, ukiwaachia wajilie wananenepa, utagaji unavurugika, majogoo wanashindwa kupanda. Matokeo yake wanashinda na njaa, wanadonoa vyombo vitupu, na hapo kwa kweli sekta yetu haina jibu la maana mpaka leo. Haya, nani ana swali?