Shimo Lako Nalo ni Ufa: Kufuatilia Maji Ndani ya Mwamba Uliopasuka

Haya jamani, naona wa nyuma bado wanatafuta viti, mimi naanza taratibu watatukuta njiani.

Watu wengi wakisikia maji ya chini ya ardhi wanawaza mto uliojificha huko chini, au wale waliosoma kidogo wanawaza mchanga, maji yanapenya katikati ya chembe. Mchanga ndio aliofanyia kazi mhandisi Henry Darcy kule Dijon, Ufaransa, akatoa kanuni yake ya maji yanavyopita humo mwaka 1856 na tunaitumia mpaka leo. Lakini sisi leo tunaongelea mwamba mgumu kama granaiti, na granaiti sio mchanga. Granaiti nzima, ambayo haijapasuka, nafasi wazi ndani yake mara nyingi haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo maji yote ya maana yanapita kwenye nyufa, na hapo ndo hesabu zinageuka kabisa.

Kwenye ufa, maji yanafuata upana wake kwa kipeo cha tatu. Yaani upana ukiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka mara nane. Ufa mmoja wa milimita 1 unapitisha sawa na nyufa 1000 za milimita 0.1, msukumo ukiwa uleule! Hiyo ni hesabu ya kuta laini lakini, ufa halisi una kuta za mikwaruzo zinazogusana hapa na pale, ila picha mmeipata. Ndo maana mnachimba visima viwili hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine, kimoja kinafurika kingine vumbi tupu, watu wanaanza kusema bahati, wengine wanasema kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu, ni kipeo cha tatu.

Sasa tunaingiaje humo ndani? Shimo ndio jicho letu. Tunashusha kamera kwa kebo, au kifaa cha mawimbi ya sauti maji yakiwa machafu, kinapiga ukuta wote mzunguko mzima, halafu ile picha tunaikunjua kama umepasua bomba kwa urefu ukalitandaza mezani. Ufa uliolala unaonekana mstari, uliokaa mshazari unaonekana wimbi, na wimbi likiwa refu ujue ufa umesimama zaidi. Ila shimo la wima linazikosa nyufa za wima, ni kama kudondosha sindano katikati ya vitabu vilivyosimama kwenye rafu, inaweza kushuka mpaka chini bila kugusa hata kimoja. Mjiolojia Ruth Terzaghi aliliandikia hili mwaka 1965 na alitoa namna ya kulirekebisha, lakini bado kuna watu wanahesabu nyufa kwenye shimo moja la wima na wanakuja na ripoti wanajiamini kabisa.

Na hata ukiziona zote, kuona ufa sio kuona maji. Picha inakuonyesha nyufa kibao, zinazopitisha maji ukizitafuta unakuta tatu, nne. Kuzipata tunapima joto. Kwa kawaida joto linapanda kama nyuzi 2.5 hadi 3 kila mita 100 ukishuka, sasa ukiona kwenye grafu kati ya kina fulani na kingine joto halibadiliki, ujue hapo maji yanatembea ndani ya shimo, yanabeba joto lake. Halafu tunashusha kifaa kinachopasha maji moto kwa sekunde chache tu, kina sensa juu na chini, sensa itakayohisi joto kwanza inakwambia maji yanaelekea wapi.

Pampu imezimwa, hakuna anayevuta maji, mbona yanatembea? Hapa nawaomba msilale. Kila ufa una msukumo wake. Kabla hujachimba, ufa wa juu na ufa wa chini huenda hazikuwa zinajuana, wewe umekuja na mtambo wa kuchimba ukazitoboa zote mbili, umezifungulia njia. Shimo lako limekuwa ufa mpana kuliko zote! Maji yanatoka kwenye msukumo mkubwa yanashuka (au yanapanda) kwenda kwenye mdogo usiku na mchana, na kile kina cha maji unachopima kwa tepu ni mchanganyiko tu, sio cha ufa wowote. Mimi niliwahi kuchukua sampuli chini kabisa ya shimo nikaandika kwenye chupa "maji ya kina", kumbe ni maji ya juu yaliyokuwa yanamiminika humo tangu siku tulipong'oa mtambo.

Dawa yake ni pakeri, mipira unaishusha na kuijaza hewa ikabana ukuta juu na chini ya ufa mmoja, hapo unaupima peke yake. Unasukuma maji kwa presha unaona ufa unakunywa kiasi gani. Kipimo kinaitwa lugeon, jina la mjiolojia Maurice Lugeon: lugeon 1 ni lita 1 kwa dakika kwa kila mita ya shimo, kwa presha ya megapaskali 1, karibu mara kumi ya presha ya hewa.

Halafu unavuta maji kwenye shimo moja huku unaangalia kina cha maji kwenye mengine, na usishangae la mbali likashtuka kabla ya la karibu, kinachotawala ni nani kaungana na nani. Kule Mirror Lake, New Hampshire, Marekani, watafiti walikuta nyufa zinazopitisha sana zipo kwa vikundi vifupi, vinaunganishwa na nyufa nyembamba, na hizo nyembamba ndo zinaamua mwendo wa wote. Ukitaka kujua maji yenyewe yanachukua muda gani unaweka chumvi shimo moja unaisubiri kwenye lingine. Inafika haraka, halafu haiishi, kwa sababu nyingine ilijipenyeza kwenye vinyweleo vya mwamba na inarudi kidogo kidogo, kwa hiyo pampu uiache iendelee hata mteja akianza kuangalia saa.

Dada pale mbele umenyoosha mkono muda mrefu, uliza. Tuchimbe zaidi tukikosa maji? Mara nyingi hapana, ukishuka uzito wa mwamba unazibana nyufa, bora usogee pembeni au uinamishe mtambo.