Kituo cha Syokimau: Reli Iliyochelewa Kusimama

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko wa jioni hii. Nitazungumzia kituo kimoja tu cha treni, kile cha Syokimau, kilichoko Mavoko katika Machakos, mpakani kabisa mwa Nairobi. Rais Mwai Kibaki alikifungua tarehe 13 Novemba 2012, na kilisifiwa kuwa kituo cha kwanza cha kisasa cha reli kujengwa nchini Kenya tangu Uhuru. Mimi sifa hiyo hunitia simanzi kuliko fahari, kwa sababu reli ilikuwa imekwisha kuvuka nyanda hizi za Athi tangu mwaka 1899. Historia ya kituo hiki, kwa maoni yangu, ni historia ya kucheleweshwa kwa abiria wa kawaida.

Jina lenyewe linatupeleka nyuma ya reli. Syokimau alikuwa nabii wa kike wa Wakamba, na masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande mwingine huku akitoa moto na moshi, na akaona pia watu wenye ngozi ya rangi ya nyama mbichi wanaobeba moto mifukoni. Waliomfuata walimtambua nyoka huyo katika garimoshi, na ule moto wa mifukoni katika viberiti. Angalieni jinsi maono hayo yanavyolingana na mradi wenyewe: nyoka anatoka maji hadi maji, na hasemwi kuwa anasimama popote njiani.

Ndivyo Waingereza walivyoikusudia Reli ya Uganda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwezi Mei 1899, na Desemba 1901 ukafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Lengo lilikuwa kulifikia ziwa na nchi iliyo ng'ambo yake. Wakaaji wa njiani hawakuwamo katika hesabu. Hata mji wa Machakos, uliokuwa makao ya utawala katika Ukambani, uliachwa kando na njia hiyo, na mwaka 1899 makao yale yakahamishiwa Nairobi, kambi ya reli iliyokuwa kwenye kinamasi.

Kwa miongo mingi jambo hilo halikumwumiza mtu aliyeishi upande huu, kwa kuwa nyanda zilikuwa za malisho na wanyamapori. Mambo yalibadilika kidogo kidogo: viwanda vilikua Athi River, uwanja wa ndege wa Embakasi ukafunguliwa mwaka 1958, na hatimaye wafanyakazi wa Nairobi walioshindwa na bei za ardhi ya mjini wakaanza kununua viwanja na kujenga nje yake. Treni za abiria wa mjini zilikuwapo, zikihudumia sehemu kama Kahawa, Kikuyu na Embakasi, lakini mkaazi wa Syokimau alibaki na matatu na foleni ya Barabara ya Mombasa. Wala ujenzi wa makazi hayo haukuwa wa amani: Novemba 2011, mwaka mmoja kamili kabla ya kituo kufunguliwa, nyumba nyingi za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zimejengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Ni vigumu kwangu kukitaja kituo bila kuzitaja familia hizo, maana walikuwa abiria wake watarajiwa.

Kituo kilipofunguliwa kilikuwa na jambo geni kwa Kenya, yaani maegesho, ili mwenye gari aliache hapo na kumalizia safari kwa treni. Lilikuwa wazo zuri. Hata hivyo, siku nne tu kabla yake Rais huyohuyo alikuwa amefungua barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, na mtu akiziweka sherehe hizo mbili pamoja anaona bayana ni upande gani uliowekewa fedha nyingi zaidi.

Mwaka 2017 reli ya kisasa ilileta stesheni kubwa ya Madaraka Express, treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi, papo hapo Syokimau. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435 na ile ya zamani milimita 1,000, kwa hiyo treni ya Mombasa haiwezi kuendelea hadi katikati ya jiji. Abiria hushuka na mabegi yake, watoto wakimshika nguo, akapanda treni nyingine ya reli nyembamba. Mwaka 2020 huduma hiyo ilipata treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako reli nazo zina upana wa mita moja.

Tangu mwaka 2022 barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita jirani, na mwenye gari na ada anafika mjini saa yoyote apendayo. Abiria wa treni hana hiari hiyo. Safari zake bado hupangwa zaidi kufuata saa za kwenda na kurudi kazini au saa za Madaraka Express, na muuguzi anayetoka zamu adhuhuri, au mama anayempeleka mtoto kliniki saa nne, hurudi kituoni pa matatu. Ningependa wapangaji wa reli waanze kazi yao na hao wawili, kabla ya kufikiria jengo jingine lolote.